Santuri ya "Zango" na Hukumu ya Bendi Iliyofufuka

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Chama cha Muziki

Nia ya makala hii ni kuitazama upya santuri moja iitwayo "Zango", iliyotolewa mwezi wa Juni mwaka 2023 na bendi ya WITCH ya nchi jirani ya Zambia. Ni santuri ya muziki wa roki wa aina iitwayo saikedeliki, nayo ilipigwa na bendi iliyokuwa imevunjika kwa miaka mingi, kisha ikaundwa upya. Wapenzi wengi wa bendi hii huzitafuta zaidi sahani zake za miaka ya 1970. Wakiifikia Zango husema, "Hiyo siyo WITCH yenyewe," wakaiweka kando. Naona hukumu hiyo imekatwa kabla shahidi hajasikilizwa.

Chama chetu kiliisikiliza santuri hii Jumamosi tatu muhula huu, chini ya uangalizi wa mwalimu mlezi, na kila mara tulijadiliana mpaka kengele ya chakula ikapigwa. Tuligawanyika. Wengine walisema wazee waliokwisha kuacha muziki waache kabisa, wasije wakaharibu sifa yao. Wengine, nami nikiwa mmoja wao, tulisema kazi ihukumiwe kwa masikio. Kwa kuwa mjadala haukwisha, nimeona vema niyaandike maelezo yangu kwa utaratibu, ili wenzangu waweze kunijibu katika toleo lijalo. Nitaanza na aina ya muziki wenyewe, kisha historia ya bendi, halafu nitakuja kwenye santuri na mashtaka yanayoikabili.

1. Maana ya roki ya saikedeliki

Neno saikedeliki lilibuniwa katika miaka ya 1950 na Humphry Osmond, daktari wa magonjwa ya akili, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Kanada. Alilitunga kwa maneno mawili ya Kigiriki, la kwanza likiwa na maana ya nafsi au roho, na la pili maana ya kudhihirisha. Sitaficha kwamba alikuwa akitafuta jina la dawa zinazogeuza fahamu za mtu. Miaka kumi hivi baadaye jina lile lilihamia kwenye muziki, hasa Marekani na Uingereza, na wanamuziki kadhaa wa huko walidhurika kwa dawa hizo. Wazazi wakisikia neno hili wanayo haki ya kuuliza. Hata hivyo, ufundi wa muziki huu hauhitaji dawa yoyote. Unahitaji umeme, mikono mizuri, na subira ya msikilizaji.

Ufundi huo twaweza kuutambua kwa alama tatu. Ya kwanza ni sauti ya gitaa inayokwaruza. Mpigaji hupitisha sauti ya gitaa lake katika kisanduku kidogo chenye transista, nacho huikuza kupita kiasi inachoweza kubeba, hata vichwa vya mawimbi vikakatwa vikawa bapa. Waliosoma somo la mawimbi katika Fizikia watakumbuka mchoro wa wimbi lenye mgongo wa mviringo. Wimbi hilo likikatwa kichwa huzaa ndani yake sauti nyingine nyingi za juu, na sikio husikia mvumo kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Visanduku vya namna hii vilianza kuuzwa Marekani mwaka 1962.

Alama ya pili ni kifaa cha kukanyaga kwa mguu, kilichoanza kuuzwa mwaka 1967. Mpigaji akikikanyaga mbele na nyuma, sauti ya gitaa hufumba na kufumbua kama kinywa cha mtoto anayelia. Alama ya tatu ni urefu na uhuru. Wimbo hauharakishwi kufika mwisho. Katikati ya wimbo wapigaji huweza kuliacha shairi, kila mmoja akasema neno lake kwa chombo chake, kisha wote wakarejea pamoja. Sisi wa upande huu hatushangai sana, maana ngoma zetu nyingi hazikupangiwa dakika tatu.

2. WITCH ya zamani

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Nchi ilikuwa na shaba, na shaba ilikuwa na bei. Katika miji ya migodi ya Jimbo la Copperbelt, kama vile Kitwe na Ndola, kulikuwa na mishahara, umeme, redio na sahani kutoka ng'ambo. Vijana waliokulia huko walisikia roki ya Uingereza na Marekani, wakanunua magitaa, wakaanza kupiga. Walichanganya walichokisikia redioni na walichokizaliwa nacho, na mchanganyiko huo ukaitwa Zamrock. Bendi zilikuwa nyingi: Musi-O-Tunya, Amanaz, Ngozi Family na nyinginezo. Iliyopendwa kupita zote ilikuwa WITCH.

Jina hili huwatisha watu, kwa sababu kwa Kiingereza ni neno la mchawi. Lakini bendi yenyewe ilieleza kwamba herufi zake tano zasimamia maneno matano yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Ni vurugu za jukwaani tu, za vijana wenye furaha. Mwimbaji wao alikuwa Emanyeo Chanda, aliyezaliwa mwaka 1951. Watu walimpa jina la Jagari, yaani Mick Jagger wa Rolling Stones aliyetamkwa kwa ulimi wa nyumbani. Pamoja naye walikuwapo Chris Mbewe kwenye gitaa la kuongoza, John Muma kwenye gitaa la kuitikia, Gedeon Mwamulenga kwenye besi, na Boidi Sinkala kwenye ngoma.

Sahani yao ya kwanza, "Introduction", iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, huhesabiwa kuwa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa kuuzwa na bendi ya Zambia. Mwaka 1974 ilifuata "In the Past", mwaka 1975 "Lazy Bones!!", na baada yake "Lukombo Vibes". Jambo la kututazamisha sisi wa Afrika Mashariki ni kwamba Zambia ya wakati ule haikuwa bado na vyombo vyote vya kazi hii, na kwa sababu hiyo Nairobi ilisaidia sana. Musi-O-Tunya waliishi na kurekodi huko, na sahani za mwanzo za Zamrock zilipelekwa huko kuchapwa.

Serikali nayo ilichangia. Katika miaka ile Rais Kenneth Kaunda aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Agizo hilo liliwapa vijana nafasi, na pia liliwapa swali gumu: Muziki wa Kizambia ni upi? Je, mtu akipiga gitaa la umeme na kuimba Kiingereza, amepiga muziki wa nyumbani? Sahani za mwanzo za WITCH ziliimbwa zaidi kwa Kiingereza. Naomba msomaji aliweke swali hili akilini, maana nitalirudia nikifika kwenye Zango.

3. Sababu za bendi kuvunjika

Ngoma ikivuma sana hupasuka, na hii ilipasuka kwa sababu ambazo zilikuwa nje ya uwezo wa wapigaji.

Kwanza, bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Nchi iliyotegemea zao moja iliumia, na kijana asiye na mshahara hanunui santuri wala tikiti. Pili, vita vya ukombozi vilikuwa vikipiganwa pande kadhaa za mipaka ya Zambia. Zambia iliwapa hifadhi wapigania uhuru, ikalipa gharama yake: mashambulizi, taa kuzimwa, na amri ya kutotoka nje usiku. Dansi lililozoea kukesha lililazimika kupigwa mchana. Tatu, kanda zilikuja, na mtu yeyote mwenye mashine aliweza kunakili muziki wa mwenzake na kuuza bila kumlipa hata senti moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bwana Chanda aliiacha bendi, akasomea muziki chuoni akawa mwalimu. Waliobaki waliongeza mpiga kinanda kijana, Patrick Mwondela, wakaingia katika mtindo wa disko. Walitoa "Movin' On" mwaka 1980 na "Kuomboka" mwaka 1984. Baada ya hapo kimya kikatanda.

Sababu ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Katika miaka ya 1980 na 1990 UKIMWI uliipiga Zambia vibaya, na kizazi cha Zamrock kikapoteza watu wake wengi. Katika wale watano niliowataja hapo juu, aliyebaki hai ni Bwana Chanda peke yake. Wakati fulani aliishi kwa kuchimba vito ardhini, huku sahani alizoziimba zikinunuliwa ghali na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani.

4. Kuundwa upya

Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilizichapa tena sahani za zamani, na mwaka 2012 ikatoa mkusanyiko mkubwa wa kazi za WITCH. Vijana wa ng'ambo waliokuwa hawajazaliwa wakati nyimbo zile zinapigwa walizipenda. Mwaka 2019 ikatoka filamu juu ya maisha ya Bwana Chanda, iliyoongozwa na Mwitalia Gio Arlotta. Katika safari iliyoonyeshwa na filamu hiyo, bendi iliundwa upya. Bwana Chanda na Bwana Mwondela walijiunga na vijana wa Ulaya, wakiwamo Jacco Gardner wa Uholanzi kwenye besi na mwenzake Nic Mauskovic kwenye ngoma, wakazunguka Ulaya na Marekani wakipiga nyimbo za zamani mbele ya watu waliozijua kwa moyo.

Wangeweza kuishia hapo. Kupiga nyimbo za zamani kulikuwa kunalipa, na hakuna aliyekuwa akiwadai jipya. Lakini mwaka 2021 walirudi Lusaka, wakaingia DB Studios, studio ileile iliyotumika enzi za Zamrock, wakarekodi nyimbo mpya. Bwana Chanda alikuwa amefikia miaka sabini. Nyimbo hizo ndizo santuri ya Zango, neno lenye maana ya mahali pa kukutania.

5. Santuri yenyewe

Msikilizaji anayetegemea kusikia sahani ya mwaka 1975 atapata kwanza alama nilizozieleza mwanzoni. Gitaa linalokwaruza lipo, kifaa cha mguu kipo, kinanda kinachovuma nyuma kama upepo wa mlango uliosahauliwa wazi kipo. Kwa hiyo si kweli kwamba bendi imeiacha njia yake. Tofauti inaanza pale waimbaji wanapofungua midomo.

Tofauti ya kwanza ni wanawake. Katika WITCH ya zamani wote waliokuwa mbele walikuwa wanaume. Katika Zango wamo Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo, waimbaji wa Zambia ya leo, nao hawakuwekwa nyuma kuitikia tu. Mara nyingi wao ndio wanaoubeba wimbo, na sauti ya mzee inakuja chini yao, nzito na yenye mikwaruzo, kama mti wa zamani unaoegemewa na mizabibu. Katika wimbo wa "Avalanche of Love" yumo Sampa the Great, msanii wa kughani aliyezaliwa Zambia na kupata sifa akiwa Australia. Mwaka uliotangulia, 2022, alikuwa amewaalika WITCH katika wimbo wake "Can I Live?", na hapa wakamwalika wao.

Tofauti ya pili ni lugha. Kiingereza kipo, lakini lugha za Zambia zimepewa kiti cha mbele. Chukua jina la wimbo mmoja, "Unimvwesha Shuga". Mwanafunzi yeyote wa Sarufi ya Kiswahili anaweza kulichambua bila kamusi. U- ni kiambishi cha nafsi ya pili, -ni- ni kitendwa cha nafsi ya kwanza, katikati upo mzizi wenye maana ya kusikia au kuhisi, na mwisho -esha ya kusababisha. Yaani "wanifanya nihisi", na shuga ni sukari iliyokuja kwa njia ya Kiingereza badala ya njia ya Kiarabu iliyoileta kwetu. Tulipolichambua jina hili katika chama, wenzetu waliosema muziki huu ni wa kigeni walinyamaza kidogo. Lugha ni ndugu ya lugha yetu, nayo imepakatwa na gitaa la umeme bila kuumia.

Hapo ndipo lile swali la Rais Kaunda linapopata jibu. WITCH ya zamani ilionyesha kwamba Mzambia aweza kupiga roki sawasawa na Mwingereza. Zango inaonyesha kwamba roki yaweza kuzungumza lugha za Zambia. Ilichukua zaidi ya miaka arobaini, na ililetwa na bendi iliyodhaniwa imekufa.

Tofauti ya tatu ni uzito wa maisha. Wimbo wa "Waile" ulitungwa zamani, katika miaka ya 1970, lakini haukupata kurekodiwa wakati ule. Ni wimbo wa huzuni ya kutengana. Fikiri basi: mtu anautunga wimbo wa kuagana akiwa kijana, hajui bado ataagana na nani. Kisha anauimba akiwa na miaka sabini, na wenzake wote aliosimama nao jukwaani wamekwisha kuzikwa. Maneno ni yaleyale, lakini sasa yana watu ndani yake. Kama ungerekodiwa siku ulipotungwa, ungekuwa wimbo mzuri tu.

Katika "Stop the Rot", jina lenye maana ya "komesheni uozo", amealikwa Keith Kabwe, aliyekuwa mwimbaji wa Amanaz, bendi iliyotoa santuri yake "Africa" mwaka 1975. Bwana Kabwe baadaye alikuja kuwa mchungaji. Nadhani wazazi walioshtushwa na jina la WITCH watatulia wakisikia kwamba mchungaji mzima aliingia studio kuimba pamoja na "wachawi" hawa.

6. Mashtaka matatu, na majibu yangu

Shtaka la kwanza: "Hii siyo WITCH, kwa sababu katika wale watano wa zamani amebaki mmoja." Shtaka hili ni zito na lastahili jibu la heshima. Lakini tuitazame timu ya mpira ya shule yetu. Kila mwaka Kidato cha Nne huondoka na Kidato cha Kwanza huingia, na baada ya miaka minne hakuna mchezaji hata mmoja wa zamani, lakini hakuna asemaye timu imekufa. Timu inabaki kwa sababu anayeondoka amecheza na anayeingia, na katika kucheza pamoja mchezo umepita kutoka mguu hadi mguu. Hivyo swali la haki ni hili: Je, mchezo ulipita? Bwana Chanda alipiga na wale wa kwanza. Bwana Mwondela aliingia mwaka 1980 na akapiga na waliobaki. Wote wawili wamo katika Zango. Mnyororo haukukatika, ingawa pingili zake ni chache.

Shtaka la pili: "Wapiga vyombo wengi ni Wazungu, basi Waafrika wamegeuzwa mapambo." Mwenzetu mmoja alilisema hili kwa ukali, na sikumlaumu, maana historia inampa sababu. Wageni walizikusanya sahani hizi na kuziuza kwa bei kubwa siku ambazo waliozipiga walikuwa wakihangaika. Lakini tukisikiliza santuri yenyewe twaona kwamba imerekodiwa Lusaka, inaimbwa na Wazambia, kwa lugha za Zambia, na waalikwa wake ni Wazambia. Safari hii wageni ndio waliojifunza. Vijana wale wa Uholanzi walikulia katika sahani za WITCH kama Jagari alivyokulia katika sahani za Rolling Stones, na deni lililochukuliwa Kitwe limelipwa kwa njia hiyo. Hata hivyo namwunga mkono mwenzetu katika jambo moja: lingekuwa jambo jema zaidi kama sisi majirani tungezitafuta sahani hizi kabla ya watu wa mbali.

Shtaka la tatu: "Sahani za zamani zilikuwa na moto ambao hii haina." Hapa nakubali sehemu kubwa. Gitaa la Chris Mbewe halina mrithi, na anayelitafuta katika Zango hatalipata. Aidha, usafi wa mitambo ya siku hizi umeondoa ile hali ya chumba kidogo chenye joto, ambapo kila mtu amepiga kwa nguvu ili asikike. Tena ziko nyimbo ambazo wageni waalikwa wamejaa hata mwenye nyumba akakosa pa kukaa. Santuri hii si kamilifu. Ila moto wa kijana wa miaka ishirini na makaa ya mzee wa miaka sabini havipimwi kwa kipimo kimoja. Anayeilaumu Zango kwa kutokuwa "Lazy Bones!!" anailaumu kwa kutokuwa kitu ambacho haikujaribu kuwa.

7. Kwa nini haikupewa haki yake

Nimejiuliza kwa nini santuri hii inawapita watu, nikapata sababu mbili. Watu wa makamo wanaoipenda Zamrock wanapenda pia ujana wao, na santuri mpya inawakumbusha kwamba miaka imepita. Vijana wa rika langu nao, wakisikia bendi ya wazee, hudhani ni muziki wa kuoneshwa makumbusho, wakarudi kwenye nyimbo za wiki hii. Kwa hiyo Zango imeanguka katikati ya viti viwili: kwa wazee ni mpya mno, na kwa vijana ni ya zamani mno.

Mwaka 2025 bendi ilitoa santuri nyingine iitwayo "Sogolo", neno lenye maana ya mbele au siku zijazo, na masikio ya wengi yakahamia huko. Ni jambo la furaha kwamba wazee wanaendelea. Lakini asiyesikiliza Zango hataelewa namna walivyopata ujasiri wa kuitazama mbele.

8. Faida yake kwetu

Somo la kwanza ni la uhakiki. Walimu wetu hutufundisha kwamba mwandishi ahukumiwe kwa kitabu kilicho mezani, na santuri vilevile. Historia ya bendi hutusaidia kuelewa, lakini haiwezi kusikiliza kwa niaba yetu.

Somo la pili linatuhusu zaidi sisi tunaokaribia mtihani wa mwisho. Wengi wetu tunaishi kana kwamba kila kitu kitaamuliwa mwezi wa Novemba: aliyefaulu amefaulu milele, aliyeanguka ameanguka milele. Mwimbaji huyu alipata sifa akiwa kijana, akaipoteza, akawa mwalimu, akachimba ardhi, akawazika rafiki zake, kisha akiwa na miaka sabini akaimba jambo ambalo hakuliweza akiwa na ishirini na mitano. Sisemi kwamba mtihani si muhimu, maana mwalimu wa taaluma atasoma makala hii. Nasema tu kwamba miaka mingi imewekwa baada ya Kidato cha Nne, na kazi nyingine husubiri huko.

Somo la tatu ni la wazazi na walimu wetu. Katika mitaa yetu wapo wazee waliokuwa wapiga magitaa, tarumbeta na ngoma katika bendi za zamani, na vyombo vyao vimelala chini ya vitanda. Chama cha Muziki kitafurahi kuwakaribisha shuleni Jumamosi yoyote mchana. Hatuna cha kuwalipa ila chai na masikio yetu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe, na kwa mchoro wa wimbi, jinsi kisanduku cha transista kinavyobadili sauti ya gitaa.
2. Taja sababu nne zilizodhoofisha bendi za Zamrock. Ipi kati ya hizo ingeweza kuzuiwa na wanamuziki wenyewe?
3. "Bendi isiyo na wapigaji wake wa kwanza ni jina tupu." Jadili ukitumia mfano wa timu, kwaya au kikundi cha ngoma unachokijua.
4. Changanua neno "unimvwesha" kwa viambishi vyake, kisha ulilinganishe na kitenzi cha Kiswahili chenye umbo kama hilo.
5. Muulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu wakati wa likizo habari za bendi aliyoipenda akiwa kijana. Andika majibu yake katika ukurasa mmoja, uyalete kwa katibu wa chama wiki ya kwanza ya muhula ujao.